Pochi ya komamanga: suzani ya kubeba mkononi

Pochi yangu ya kwanza ya suzani, ile darizi ya maua ya Uzbekistan, niliishona Tashkent, nikaileta Unguja kwa mbwembwe zote, nikampa shangazi. Wiki haikwisha akanirudishia. Bangili yake ilinasa kwenye uzi ndani ya daladala, akavuta mkono, nusu ya ua ikafumuka na nyuzi zikaning'inia. "Umenipa pochi au umenipa ndevu?" akaniuliza, tena mbele ya watu.

Nilikuwa nimeshona vizuri, wallahi. Kosa langu nilishona kama inavyoshonwa suzani ya ukutani, na ukuta hauvai bangili. Tangu siku ile nimeshona pochi nyingi, hereni na bizimu, na sijarudishiwa hata moja kwa kufumuka. Moja nilirudishiwa kwa sababu nyingine, nitaisema. Hapa naeleza ninavyofanya sasa, kwa vitu unavyovipata Darajani au Kariakoo, bila kuuharibu mshono wa wenyewe.

Wenyewe ni nani

Suzani ni kazi ya wanawake wa Uzbekistan na majirani zao wa Tajikistan. Neno lenyewe ni la Kiajemi, suzan ni sindano. Zile kubwa zilikuwa za kutandika kitandani na kutundika ukutani, na zilikuwa vyombo vya bibi harusi: mtoto wa kike akizaliwa mama anaanza kushona, na binti akishajua kushika sindano anaingia naye kazini. Huko kila mji una mkono wake. Tashkent wanapenda miduara mikubwa myekundu iliyojaza kitambaa chote. Nurata wanaacha nafasi nyeupe, na shada la maua kila pembe. Samarkand na Urgut ni miduara mizito yenye pete nyeusi. Bukhara ni majani yanayojisokota, na huko ndiko nilikofundishwa.

Niliishi Tashkent miaka miwili, mume wangu akiwa kazini na mimi nikiwa nyumbani sina la kufanya. Nikajua kuna bibi wilaya ya Shofirkon, mkoa wa Bukhara, anayefundisha nyumbani kwake. Nikapanda treni. Watu wa Bukhara wengi wanasema Kitajiki pamoja na Kiuzbeki, na kwa Kitajiki bibi ni bibi, hivi hivi kama letu. Nilipomwita "Bibi" aliangua kicheko, akamimina chai ya kijani kwenye bakuli dogo, akairudisha birikani, akaimimina tena, mara tatu, ndipo akanipa. Kisha akataka kuona mikono yangu. Nilikuwa na kofia ya viua niliyokuwa naishona tangu Unguja, bado haijakwisha. Akaigeuza akaangalia nyuma kwanza. Kazi ya sindano inahukumiwa kwa nyuma, hilo hata bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema.

Basi alinionyesha vipande vya zamani vya nyumbani kwake. Kitambaa cha zamani, karbos, ni pamba iliyofumwa kwa mkono kwenye mtande mwembamba, upana wake sentimita 30 au 40 tu. Kwa hiyo suzani kubwa ilikuwa vipande kadhaa vilivyopigwa bandi pamoja. Mama mzee mmoja wa mtaani, mwenye mkono wa kuchora, anaitwa kalamkash, anachora ua lote juu ya vipande vyote. Halafu bandi inafumuliwa, na kila kipande kinakwenda kwa mwanamke mmoja: dada, wifi, binti wa jirani. Wakishamaliza vinaunganishwa upya. Ndiyo maana ukiangalia suzani ya kweli utaona ua limekatika katikati, nusu hii haikutani sawasawa na ile, na wekundu wa huku si wekundu wa kule. Usicheke. Hapo ndipo dada na wifi walipokutana.

Na si kwamba sisi wa pochi tunavunja mila. Walikuwa na mifuko midogo tangu zamani: oyna khalta, mfuko wa kioo, na choy khalta, mfuko wa majani ya chai, yote miwili imedariziwa na kuwekwa vishada chini. Hii ninayokufundisha ni binamu wa oyna khalta, yenye kamba ya kufumba mdomo.

Vitu vya kutafuta

Kitambaa: nunua marekani, ile isiyosafishwa, yenye rangi ya maziwa na vijipunje vya pamba. Ndiyo ndugu wa karbos. Nusu mita inatosha pochi na makombo ya hereni. Ioshe kwa maji moto na sabuni kabla ya kuigusa, maana ina kanji, na ikifuliwa inaruka. Ukishona kwanza ukaosha baadaye, kitambaa kinaruka na ua halirudi nacho, pochi inajikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Bafta ya kofia usiitumie, ni nyembamba mno, uzi unaivuta.

Uzi wao ni hariri, na Uzbekistan haina shida ya hariri. Bonde la Fergana, hasa mji wa Margilan, hariri ndiyo kazi yao. Hapa kwetu hariri ya kudarizi ni ghali na mara nyingi inayoitwa hariri si hariri. Chukua uzi wa pamba wa kudarizi wenye nyuzi 6 zilizolala pamoja, utenganishe, ushone na 2 tu. Uzi wa kofia haufai: umesokotwa ukakaza, unasimama kama waya. Hapa tunataka uzi ulio bapa, unaojitandaza ukajaza nafasi kama ukindu kwenye mkeka.

Rangi zisizidi tano. Mimi natumia nyekundu mbili (moja ya damu, moja inayoelekea zambarau), nyeusi, kijani kilichoiva, na njano kidogo kama chumvi. Zamani nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya mmea waitao ruyan, buluu kwenye nili, njano kwenye ua la isparak, na nyeusi kwenye maganda ya komamanga yaliyochemshwa na chuma. Rangi za kiwandani zilipoingia mwishoni mwa karne ya 19 zikaleta waridi kali na machungwa, na suzani za baada ya hapo zinapiga kelele. Nyingine nazipenda hivyo hivyo.

Halafu jaribu wekundu. Kata kipande cha uzi, kiloweshe, kiweke katikati ya kitambaa cheupe, kipige pasi ya moto. Ukiona doa la waridi, huo uzi ni wa kushonea gunia. Niliwahi kununua kwa muuzaji aliyeniapia kwa dini yake, nikashona siku kumi na moja, nikaosha, na marekani yote ikawa rangi ya sharubati. Sikumrudia, lakini pia sikuwa nimejaribu. Dakika mbili za pasi zingeniokoa.

Sindano iwe na tundu kubwa na ncha kali. Subana utaihitaji. Fremu ya mbao ya duara, kipenyo cha sentimita 15 au 18. Bibi wa Shofirkon alikuwa hatumii fremu kwa mshono huu, anaweka kitambaa juu ya goti, goti ndilo fremu. Nimejaribu, nimeshona sketi yangu pamoja na kazi mara mbili.

Kuchora

Usikate pochi kwanza. Kata kipande kikubwa cha sentimita 35 kwa 35 ili fremu ipate pa kushika, na uchore ndani yake mstatili wa 18 kwa 22. Huo ndio upande wa mbele, pamoja na posho ya kushonea.

Bibi alichora kwa kipande cha sabuni kilichokauka, kilichochongwa kikawa chembamba kama kucha. Sabuni inaoshwa ikaisha, penseli haiishi. Mimi natumia sabuni kwa mistari mikubwa na penseli iliyochongwa vizuri kwa ile nitakayoifunika.

Katikati, lakini chini kidogo ya katikati (juu kuna kamba), zungusha mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, upate duara la sentimita 5. Hilo ni komamanga, wao wanaliita anor, tunda la uzazi kwa sababu ya mbegu zake. Juu yake weka taji la meno matatu. Ndani chora duara jingine dogo la sentimita 2, moyo wa tunda. Kulia na kushoto toa shina moja moja linalojipinda kulizunguka, na kila shina lina majani manne marefu. Kwenye pembe mbili za chini weka pilipili moja moja, kalampir, iliyopinda kiunoni. Pilipili inafukuza jicho baya kwa ukali wake. Ni wazo ambalo mtu wa pwani halihitaji kuelezwa.

Usipime majani yalingane. Kalamkash hapimi. Jani la kushoto likiwa nene kuliko la kulia, ua linaonekana lina pumzi. Yakilingana yote, watu watakuuliza umenunua wapi kitambaa hicho.

Basma, polepole

Huu ndio mshono wenyewe na hapa ndipo nataka ukae. Basma ni uzi mmoja unaofanya kazi mbili: ukienda unalala, ukirudi unajibana wenyewe.

Anza kwenye upana wa tunda, katikati, usianzie juu. Juu mistari ni mifupi na inakudanganya, ukifika katikati umeshaenda upande. Kata uzi wa dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Ukizidi hapo unachakaa njiani.

Toa sindano kwenye ukingo wa kushoto wa tunda, juu ya mstari kabisa. Peleka uzi hadi ukingo wa kulia, uzamishe hapo kwenye mstari. Sasa una uzi mmoja umelala juu ya kitambaa, kama kamba ya kuanikia nguo. Usiuvute ukakaza, uguse kwa kidole, uwe unakubali kusogea kidogo sana.

Sasa rudi. Sindano itokee kutoka chini, milimita 3 kabla ya ukingo wa kulia, ikigusa upande wa juu wa ule uzi uliolala. Uvuke kwa mshazari, ukielekea kushoto kidogo, uzame upande wa chini wake. Hicho ni kibano cha kwanza, hakizidi punje ya mchele iliyovunjika. Tokea tena milimita 3 zaidi kushoto, vuka, zama. Endelea hivyo mpaka urudi ulikoanzia. Kibano ndicho unachokikaza, si uzi wa kulala. Ukivuta kibano mpaka uzi wa chini uzame kidogo, basi, acha hapo. Ukisikia kitambaa kinalia, umezidisha.

Mstari wa pili unaanza chini ya wa kwanza, umeugusa, marekani isichungulie kati yao. Vibano vyake visikae chini kabisa ya vile vya juu. Visogeze kushoto kwa nusu ya nafasi, na mstari wa tatu vilevile, vikiteremka utaona vinajipanga mshazari peke yake kwenye tunda lote, kama nyayo za ndege mchangani. Mwanga ukipiga hapo, nyekundu moja inakuwa nyekundu mbili. Mimi mara ya kwanza kuona hivyo niliinua fremu dirishani, nikaishusha, nikaiinua tena. Bibi akaniambia nishone, jua linakuchwa.

Ukimaliza nusu ya chini, rudi katikati upande juu.

Sasa lile la bangili. Kwenye suzani ya ukutani, vibano vinaachana zaidi, uzi unalala mrefu na unang'aa. Kuna mshono mwingine wa jamaa yake, kandahayol, ambao vibano vyake ni virefu na vimelala karibu sambamba na uzi wenyewe, ukionekana kama kamba iliyosokotwa. Ni mzuri kuliko wote na kwenye pochi usiuweke. Kwa kitu cha kubeba, milimita 3, isizidi 4. Ingiza ukucha chini ya uzi. Ukiingia, bangili pia itaingia.

Geuza nyuma uangalie. Unatakiwa uone nukta na vistari vifupi tu, na marekani nyingi tupu kati yake. Hariri ilikuwa mali. Basma inaiweka karibu yote usoni na nyuma haipotezi kitu. Hapo pia ndipo unapojua ya mkono na ya mashine. Sokoni Chorsu, Tashkent, na hata kwenye maduka ya Bukhara yenye mapazia ya velveti, niliuziwa "kazi ya bibi yangu mwenyewe" ambayo nyuma yake ilikuwa na uzi wa pili mwembamba wa cherehani kila mahali. Nyingine zina mnyororo wa cherehani ya ndoano, uliokwenda kilomita nzima bila kukatika wala kutetereka. Bibi wa mtu hutetereka. Anakwenda kugeuza mkate.

Mnyororo wa kuzungushia

Tunda likijaa utaona kingo zake zina meno. Zinafichwa na yurma, na huo kila aliyedarizi foronya anaujua: mshono wa mnyororo. Toa sindano, weka kitanzi cha uzi chini ya kidole gumba, zama pale pale ulipotokea, tokea milimita 2 mbele ndani ya kitanzi, vuta. Huko wengi wanaufanya kwa ndoano ndogo yenye mpini, kasi yao ni kama ya anayemenya kitunguu, lakini sindano inatosha.

Zungushia tunda kwa nyeusi. Mashina yote pia ni yurma, kijani. Pilipili zijaze kwa yurma badala ya basma, mistari ikifuata umbo kutoka nje kuingia ndani, kwa sababu pembe za chini ndizo zinazosugua meza, paja na kaunta ya benki. Kitanzi kifupi hakina pa kunasa. Huu ndio uamuzi mkubwa wa pochi nzima: basma katikati, penye usalama na pa kuonyesha; yurma pembeni, penye vita.

Majani ni basma, uzi ulale kwa upana wa jani, si kwa urefu. Jani lenye upana wa wanda mmoja linakwenda haraka, vibano vitatu vinne kwa mstari. Uzi wa kijani ukikuishia katikati ya jani na mwingine haufanani, endelea nao. Moyo wa tunda uwe njano, na vidoti vyekundu vichache juu yake kama mbegu.

Mimi tunda linanichukua jioni tatu, majani mbili, pilipili moja. Anayekuambia amemaliza kwa siku moja muombe akuonyeshe nyuma.

Kuifanya iwe pochi

Hapa nitakwenda haraka, kila fundi ana njia yake.

Osha kazi kwa maji ya baridi ili sabuni ya kuchorea itoke, ikaushe kivulini, ipige pasi uso ukiwa chini juu ya taulo nene. Ukiipiga usoni basma inalala ikafa. Sasa kata ule mstatili wa 18 kwa 22, kata na mgongo wa kipimo hicho hicho, na bitana mbili sawa nazo. Bitana yangu naipenda ya kanga kuukuu. Wao ndani wanaweka chintsi, pamba ya kupigwa chapa, yenye maua ya fujo, na wazo ni lile lile: nje heshima, ndani furaha.

Shona mbele na mgongo, uso kwa uso, pande mbili na chini, posho ya sentimita 1. Kwenye kila ubavu acha tundu lisiloshonwa, kuanzia sentimita 3 kutoka juu hadi sentimita 4 na nusu, hapo ndipo kamba zitakapotokea. Bitana nayo ishone hivyo bila matundu ya ubavu, lakini chini acha mdomo wa sentimita 6. Pochi igeuze, uso uwe nje, uitumbukize ndani ya bitana ambayo haijageuzwa, nyuso zitazamane, ushone duara la juu lote. Vuta kila kitu kupitia ule mdomo wa chini, ufunge mdomo kwa mkono, sukuma bitana ndani. Mwisho zungusha mistari miwili ya mshono, mmoja juu ya matundu na mmoja chini yake, upate njia ya kamba. Kamba ni mbili. Moja inaingia na kutoka kulia, ya pili inaingia na kutoka kushoto. Ukizivuta zote mdomo unafumba.

Kando za mdomo, bibi alinilazimisha niweke ukanda mwembamba wa kusokotwa, jiyak. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anashika nyuzi vidoleni na mwingine anashona. Sina mtu wa pili, naweka mstari mwekundu wa yurma na naufumbia macho.

Vishada: zungusha uzi mara 40 kwenye kadi ya sentimita 5, funga juu, kata chini, funga shingo. Vitatu chini ya pochi, kimoja kimoja kwenye ncha za kamba. Sema visiwe virefu, shangazi yuko.

Makombo

Ile marekani iliyobaki pembeni ya fremu usiitupe. Kata pembetatu, kila upande sentimita 5, shona pilipili moja ndani yake, kunja kingo, ijaze pamba, ifunge, weka kishada kila pembe ya chini na kitanzi juu. Hiyo huko inaitwa tumor. Ni hirizi, sizungushi maneno: inatundikwa kwenye susu la mtoto, kwenye kioo cha gari, mlangoni. Ndani yake wanatia isiriq, majani makavu ambayo pia wanayafukiza nyumbani kama sisi ubani. Mimi naziuza kama kidani au kishikio cha funguo, na wateja wanaulizia kwa sauti ya chini kama ndani kuna kitu. Kuna pamba.

Hereni: duara la sentimita 3, basma kwa vibano vya milimita 2, nyuma ushonee ngozi laini badala ya kubandika gundi. Joto letu na jasho la shingo havina urafiki na gundi. Kwa bizimu ni hivyo hivyo, ila duara la sentimita 4 na pini imeshonewa kwenye ngozi kabla ngozi haijashonewa kwenye ua. Ukisahau utafumua. Nimefumua.

Jani moja

Wakati wa kuchora nilikuambia majani manane. Utashona saba. La nane, mara nyingi lile la chini kushoto, lizungushie mstari wake tu, ndani uliache marekani. Suzani za zamani nyingi zina kipande kidogo kilichoachwa hivyo, ua lisilojazwa au tawi lililokatizwa. Ukiuliza utapewa majibu tofauti: kwamba ukamilifu ni wa Mungu, kwamba kazi isiishe ili harusi zisiishe nyumbani. Bibi wa Shofirkon alinipa la pili. Alikuwa na wajukuu wa kike wanne.

Ndiyo hiyo pochi niliyorudishiwa. Mteja wa Dar aliituma kwa boti na karatasi ndani: "Dada, kazi nzuri sana ila umesahau jani." Nikampigia, nikamweleza habari yote, karbos, wifi, harusi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema ameelewa, lakini yeye amelipa majani manane.

Nikakaa barazani jioni ile nikalijaza, kijani kisichofanana na wenzake. Bibi wa Shofirkon hasomi Kiswahili, na wewe usimwambie.